Tanga Lililokataa Kushuka

Kengele ya shule ilipolia, Chiriku hakurudi nyumbani moja kwa moja kama wenzake. Alishika njia ya gatini, begi likimpiga mgongoni, na kabla hajafika alikuwa ameshawasalimu wauza matunda, fundi viatu, na hata paka wa fundi viatu. Binti huyu hakupewa jina hilo la ndege bure. Mdomo wake haukujua likizo.

Gatini ilifungwa mashua ya tanga iliyoongozwa na mama yake. Watu wote wa pale walimwita Nahodha, na walimwita hivyo kwa heshima, maana alijua ziwa lile kama mpishi anavyojua sufuria zake. Mashua ilivusha saruji kutoka mjini kwenda ng'ambo, ambako zahanati ilikuwa inajengwa. Kazi ya Chiriku baada ya masomo ilikuwa kufagia vumbi la saruji, kukunja kamba, na kumpasha habari za shuleni Kipara, baharia pekee wa mama yake.

"Basi mwalimu wa hesabu leo akasema..."

"Fagia kwanza," Kipara alimkatiza. "Wewe ukianza kusema, hata ufagio unasimama kukusikiliza."

Lakini alasiri hiyo alipofika hapakuwa na mzaha. Mama na Kipara walikuwa wameshikilia henza, ile kamba ndefu ya kupandishia tanga kuu, wakivuta mpaka mishipa ya shingo imewatoka. Tanga lilipanda kidogo, likakwama. Walivuta tena, likapanda urefu wa mkono, likakwama tena. Ubavu wa tanga ulifungwa kwenye pete kubwa za mbao zilizouzunguka mlingoti, moja juu ya nyingine, na tanga lilipopanda pete zilitakiwa kuteleza pamoja nalo. Hizi hazikuteleza. Ziliung'ang'ania mlingoti kama mbwa aliyepata mfupa.

"Nahodha!" mpagazi mmoja alipiga kelele kutoka kwenye rundo la magunia. "Tukuletee punda akusaidie?"

"Mlete!" Mama alijibu bila kugeuka. "Mpate wa kupokezana naye mizigo."

Gati zima lilicheka. Mama naye alitabasamu, lakini Chiriku alikuwa karibu, akaona mkono wake wa kushoto ukilikamata bega la kulia na kulibana. Bega hilo lilikuwa na maumivu ya siku nyingi. Nyumbani Mama alikuwa ameanza kuchana nywele kwa mkono mmoja, akidhani hakuna anayemwona.

Mwishowe wapagazi walikuja kusaidia, na tanga likafika juu. Mwenye mashua alikuwa ameshuhudia yote. Watu walimwita Tajiri. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na macho ya kuhesabu kila kitu.

"Nahodha," alisema, "tangu kaka yako atie hizi pete mpya, kila safari inachelewa. Wapagazi wangu ndio wamekuwa mabaharia. Kesho asubuhi nitakuja kuona. Tanga likishindikana tena, nitatafuta nahodha mwenye mabega, na fundi mwenye akili."

"Pete ni mpya, Tajiri. Kaka amesema zinahitaji kuzoea mlingoti. Jumamosi atakuja kuzipiga msasa."

"Jumamosi ni Jumamosi. Mimi nimesema kesho."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko yalivyomchoma Mama, au ndivyo alivyodhani. Kaka wa mama yake, Mjomba Sindano, ndiye aliyeshona matanga ya nusu ya mashua za pale. Alipofunga pete zile mpya alikuwa ameacha agizo moja tu, tena mbele ya Chiriku: "Msipake kitu chochote. Mlingoti mkavu, pete kavu. Mimi nitakuja."

Mashua iliporudi jioni ile, Mama na Kipara walikwenda ofisini kwa Tajiri kupanga safari za wiki. Chiriku alibaki kulinda kamba. Aliutazama mlingoti. Kisha akakimbia nyumbani, kwa kuwa hapakuwa mbali, akaingia jikoni na kutoka na chupa ya mafuta ya kupikia aliyoificha ndani ya begi katikati ya madaftari.

Aliupanda mlingoti kama anavyopanda mti, tambara na chupa vikiwa vimefungwa kiunoni. Alipofika juu alilichovya tambara kwenye mafuta, akaanza kushuka huku akipaka, upande huu na upande ule, mpaka chini. Pete zote zilikuwa zimerundikana kwenye shina la mlingoti. Akazipaka pia kwa ndani. Alijaribu kuinua moja kwa kidole. Iliteleza kama samaki.

"Wakubwa nao!" alijisemea. "Kungoja Jumamosi kwa jambo dogo kama hili!"

Asubuhi iliyofuata, siku ya Alhamisi, alipita gatini kabla ya shule. Tajiri alikuwa amesimama, mikono nyuma. Mama alishika henza, akavuta, na tanga likapanda lote kwa mfululizo mmoja, likashika upepo, likatuna. Kipara alibaki ameduwaa mikono ikiwa hewani, maana hakuwa amepata hata nafasi ya kuvuta.

"Haya!" Tajiri alicheka. "Kumbe mlikuwa mnadeka tu!"

Mama hakucheka. Aliutazama mlingoti, akalitazama bega lake kama mtu anayeuliza swali, lakini saruji ilikuwa inangoja na safari ilikuwa ndefu. "Chiriku mwanangu," alisema, "ukitoka shule mpitie mjomba wako. Mwambie asijisumbue Jumamosi. Pete zimezoea."

Hapo ndipo mlango wa kusema ulipofunguliwa, tena kwa mapana. Chiriku aliuona, akaupita.

Karakana ya Mjomba ilikuwa chumba kirefu kilichonuka turubai na nta. Mjomba alikuwa ameketi sakafuni, tanga limemzunguka pande zote kama mtu aliyekaa juu ya wingu, sindano ndefu mkononi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpasha habari wa mji. Leo nani kaanguka, nani kaoa?"

"Mama anasema usije Jumamosi. Tanga linapanda vizuri."

Sindano ilisimama. "Linapanda vizuri? Upesi hivyo? Kuna mtu amepaka kitu?"

"Hapana, Mjomba. Zimezoea zenyewe."

Mjomba alifikiri, kisha uso wake ukafunguka. "Basi ile mbao ni mbao hasa! Nilijua. Nilipoikunja pete ya kwanza nilijiambia, hii itanitoa kimasomaso." Akaendelea kushona huku akipiga mluzi.

Uongo siku ya kwanza ni mgeni mpole. Huketi mlangoni, haombi hata maji. Ngoja siku zipite, ndipo utakapomkuta amelala kitandani kwako na wewe uko sakafuni.

Siku hizo mbili saruji ilipakiwa kwa wingi. Magunia mengine yalikuwa na matundu, na kila lilipotupwa sitahani wingu la vumbi la kijivu lilipaa mpaka nusu ya mlingoti. Vumbi hilo lilikuwapo siku zote, na siku zote lilikuwa likipeperuka lisipate pa kushika. Safari hii lilipata. Lilinata kwenye mafuta, tabaka juu ya tabaka. Ijumaa manyunyu yakanyesha. Chiriku alipokuwa akifagia aliona mlingoti umegeuka rangi, akaugusa kwa kidole, akahisi kitu kigumu chenye chengachenga. Hakusema. Siku hiyo Kipara hakupata habari yoyote ya shuleni.

"Vipi, Chiriku? Leo umemeza kufuli?"

"Kichwa kinaniuma tu."

Jumamosi hakukuwa na shule, kwa hiyo alisafiri nao. Tanga lilipanda kwa taabu, lakini lilipanda, na mashua ikaondoka na magunia yake. Walipofika katikati ya ziwa, maji ya upande wa kulia yakawa meusi ghafla, kama kwamba mtu ameyafunika kwa blanketi. Mama ndiye aliyetambua kwanza kuwa ni dhoruba.

"Kipara! Shusha tanga! Upesi!"

Kipara aliifungua henza na kuiachia yote. Kamba ikalegea, ikaanguka sitahani mzunguko juu ya mzunguko. Lakini tanga halikushuka. Lilibaki juu limetuna, halikushikwa na kamba wala mkono wa mtu, kama lililogoma.

Upepo ulipiga. Mashua ililala ubavu mpaka maji yakachungulia ndani. Magunia ya mbele yakaanza kuteleza. Kipara alining'inia kwenye tanga kwa uzito wake wote, halikusogea. Akapanda mlingoti, akazipiga pete teke.

"Zimeganda, Nahodha! Zimeganda kama jiwe!"

"Shuka, usije ukaanguka! Chiriku, shika hapo, usiachie!"

Chiriku aliukumbatia mguu wa benchi. Alitaka kupiga kelele, *ni mimi, Mama, ni mafuta*, lakini kwa wakati ule maneno yasingeshusha tanga. Mama aliushika usukani kwa mikono yote miwili, akaulalia kwa kifua, akaigeuza mashua iukimbie upepo kuelekea kwenye matete ya ukingoni. Usukani ulikuwa unampiga. Mara bega lake la kulia likatoa mlio mdogo, mkavu. Mama aliuma meno, wala hakuachia.

Waliingia kwenye matete kwa kishindo. Pua ya mashua ilizama kwenye tope, magunia ya mbele yakalowa, na kelele zote zikanyamaza isipokuwa tanga lililoendelea kupigapiga juu ya vichwa vyao.

"Tuko wazima?" Mama aliuliza.

"Tuko wazima," Kipara alisema, akihema. "Nahodha, mkono wako..."

Mkono wa Mama ulikuwa unaning'inia kama wa mtu mwingine.

Walipovutwa mpaka gatini, Tajiri alikuwa anangoja, na Mjomba Sindano alikuwa amekuja mbio aliposikia dada yake kaumia. Tajiri hakumpa hata nafasi ya kuuliza hali.

"Wewe! Pete zako hizo! Zimebana mlingoti kama pingu! Umetaka kuua watu wangu!"

"Tajiri, hebu niruhusu niingie nizione..."

"Usikanyage chombo changu! Leo wala kesho. Nanyi wengine mnaompa kazi, mmejionea."

Wapagazi walisimama pembeni. Mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Sindano imetoboa mshonaji." Wengine wakacheka. Mjomba aliwatazama watu aliowashonea matanga miaka na miaka. Kisha akamshika dada yake kiuno, akampeleka zahanati ya mjini.

Chiriku aliwafuata nyuma. Vicheko vile vilikuwa vyake yeye, kila kimoja, lakini aliyevibeba alikuwa mtu mwingine anayetembea mbele yake na mgongo uliopinda.

Jumapili Mama alikuwa nyumbani, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Daktari alikuwa amesema apumzike majuma kadhaa. Tajiri alikuwa ametuma salamu kwamba anafikiria nahodha mwingine. Mama hakulalamika. Alimpa Chiriku bakuli la chakula. "Mpelekee mjomba wako. Tangu jana hajala."

Karakana ilikuwa kimya. Mjomba alikuwa ameketi mbele ya pete moja iliyobaki na kipande cha mti. Alikuwa akiitia na kuitoa, akiipima kwa uzi, akiitia tena.

"Shikamoo, Mjomba. Nimeleta chakula."

"Marahaba. Weka hapo." Hakuinua macho. "Chiriku, hebu nisaidie. Nimepima mara nyingi, naona nafasi ipo ya kutosha. Ila macho yangu yameanza kuzeeka. Huenda siku ile sikupima sawasawa. Wewe uliziona zikipanda vizuri, sivyo? Ulisema zimezoea zenyewe. Sasa mimi nilikosea wapi?"

Alimwuliza kama mtu mzima anavyomwuliza mtu mzima mwenzake. Hilo ndilo lililomshinda Chiriku. Angepigwa angevumilia, angefokewa angejitetea. Lakini fundi yule mwenye mikono ile, kuanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe kwa sababu ya neno alilolisema yeye! Aliliweka bakuli chini, akatoka mbio bila hata kuaga.

Mama alikuwa ameketi kitandani akijaribu kufunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja.

"Mama, nilipaka mafuta." Maneno yalitoka yote kwa pamoja. "Ile siku Tajiri alisema atakuja. Niliona unavyoumia bega. Nikachukua mafuta ya jikoni nikapaka mlingoti wote na pete zote. Vumbi la saruji likanata. Ijumaa niliona limeganda, sikusema. Na Mjomba aliniuliza, nikamdanganya."

Kitambaa kilimponyoka Mama mkononi. Hakukiokota, na Chiriku akaona ni heri ile dhoruba ya ziwani.

"Kipara ana watoto watatu," Mama alisema hatimaye, taratibu. "Ulijua hilo?"

"Najua, Mama."

"Na Ijumaa uliona."

"Niliona."

"Kesho asubuhi tutakwenda gatini. Mjomba wako alivunjiwa heshima hadharani. Hutamrudishia chumbani."

Chiriku alilia. Mama hakumnyamazisha, wala hakumfukuza. Alisogea kidogo kitandani ili apate pa kukaa.

Jumatatu, wapagazi wakiwa wamejaa, Mama alisimama mbele ya Tajiri, na pembeni yake Mjomba, ambaye alikuwa ameitwa bila kuambiwa kwa nini. Mama alimtazama binti yake. Chiriku, aliyekuwa na maneno ya kuwatosha watu wote wa soko, siku hiyo aliyatafuta moja moja.

"Pete za Mjomba hazikuwa na kosa," alisema. Wa nyuma hawakusikia, akaanza upya, kwa nguvu zaidi. "Pete za Mjomba hazikuwa na kosa! Mimi ndiye niliyepaka mafuta. Yalishika saruji, saruji ikaganda. Yeye alikataza, mimi sikusikia. Mlimcheka yeye. Wa kuchekwa ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Yule mpagazi wa maneno ya sindano alijishughulisha na kamba ya kiatu.

Kipara aliparua mlingoti kwa ukucha na kuonyesha ganda la kijivu. Tajiri aliliangalia, akamwangalia mtoto, akamwangalia Mama. Uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira. "Mtoto wako mwenyewe, Nahodha! Magunia yangu yamekuwa mawe!"

"Ni kweli," Mama alisema. "Hasara hiyo nitaifanyia kazi, naye ataifanyia kazi pamoja nami. Lakini jina la fundi ulilichafua hapa, Tajiri, na ni hapa linaposafishwa."

Tajiri alikohoa. Lilikuwa jambo gumu kwake, lakini alilifanya. "Fundi, nilikukosea. Ingia kwenye chombo." Kisha akainua kidole. "Ila sikilizeni. Bega la nahodha limevunjika nguvu, na tanga zito haliwezi kuvutwa kwa heshima. Kama hatalipandisha na kulishusha mwenyewe, kwa mkono mmoja alio nao, nitampa mashua mwingine. Nawapa mpaka mwisho wa juma."

Mjomba alikuwa ameketi juu ya gunia, kofia mkononi. "Kwa hiyo nilipima sawasawa," alinong'ona, kama anayejiambia mwenyewe. "Nilipima sawasawa."

Mlingoti uling'olewa na kulazwa juu ya magogo mbele ya karakana. Kila siku baada ya shule Chiriku alipiga magoti akikwangua. Lile ganda halikuwa na huruma. Kucha zilikatika, viganja vikatoka malengelenge. Mjomba alifanya kazi upande wa pili, akizungumza yaliyo lazima tu: nipe msasa, geuza, hapo bado. Wenzake Chiriku walipopita njiani wakicheza mpira na kumwita, alitikisa kichwa na kuendelea.

Siku ya tatu mti ulikuwa mweupe na laini. Mjomba alisugua kipande cha mshumaa mkavu juu yake, akaupangusa kwa kitambaa, kisha akavisha pete. Chiriku akashika moja, akaivuta kama tanga linavyoivuta. Ikasogea kidogo, ikauma.

Alishtuka. "Mjomba, mbona bado?"

"Ndiyo maana nilisema zinahitaji kuzoea."

"Lakini mti ni safi. Na nafasi ipo, angalia, kidole kinaingia." Aliivuta tena, taratibu, akiitazama. Tanga hufungwa upande mmoja tu wa pete, upande wa nyuma. Kwa hiyo upande wa nyuma ulitangulia, wa mbele ukabaki, pete ikainama, ikabana. "Mjomba, inakwenda upande! Ni kama mtoto wa meza, ile droo, ukimvuta kwa pembe moja, anakwama. Ukimvuta kwa pembe zote mbili anatoka." Akaweka kidole kingine upande wa mbele, akavuta pande zote mbili pamoja. Pete ikateleza mpaka mwisho wa mti bila kelele.

Mjomba aliacha kazi. Akaja, akavuta kwa upande mmoja: ikauma. Akavuta kwa pande mbili: ikateleza. Akarudia, akarudia tena, kisha akaketi chini.

"Nimefunga pete tangu wewe hujazaliwa," alisema. "Na siku zote nimesema, zitazoea. Baba yangu naye alisema hivyo hivyo. Kumbe tulikuwa tunangoja zilike!" Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. "Lete kamba nyembamba, Chiriku. Lete upesi!"

Walifunga ile kamba kwa mbele, kutoka pete moja hadi nyingine, ya juu kabisa ikaunganishwa na kichwa cha tanga, ili kila tanga linapopanda, pete ivutwe nyuma na mbele kwa pamoja. Mjomba akaongeza kapi la pili, kigurudumu cha kupitishia kamba, kwenye henza. "Kamba utakayovuta itakuwa ndefu mara mbili," alimweleza, "lakini uzito utakuwa nusu." Mwisho wakafunga kamba nyingine kwenye kichwa cha tanga, ikashuka mpaka sitahani. Hiyo ilikuwa ya kulivutia chini, lisije likagoma tena.

Mwisho wa juma gati lilijaa. Tajiri alisimama mahali pake. Mama alishika henza kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado shingoni. Alivuta, akaikanyaga kamba kwa mguu ili isirudi, akavuta tena. Pete ya kwanza ikapanda imelala sawa kama sahani mezani. Ya pili ikafuata. Kazi ilikwenda polepole na jasho lilimtiririka Mama, lakini haikukwama hata mara moja, na tanga likafika juu kabisa.

"Lishushe," Tajiri alisema.

Mama aliiachia henza, akavuta ile kamba ya chini. Tanga likaporomoka lote na kulala sitahani.

Kipara alipiga makofi. Tajiri alichungulia zile kamba za mbele, akazigusa. "Nani kafanya hivi?"

"Huyu hapa," Mjomba alisema, akimsukuma Chiriku mbele.

Wapagazi wote walimtazama. Ilikuwa rahisi kunyamaza tu na kutabasamu. "Mimi niliona pete inakwenda upande," Chiriku alisema. "Kamba amefunga Mjomba, kapi ni wazo lake. Na pete zilikuwa nzuri tangu mwanzo."

Tajiri aliitikia kwa kichwa, akageuka kwa Mama. "Pakia, Nahodha. Ng'ambo wanangoja saruji."

Watu walipotawanyika, Mama alimwita binti yake, wakaketi ukingoni mwa gati, miguu ikining'inia. Chiriku aliuangalia ule mkono uliofungwa. Daktari alikuwa amesema utapona, ila huenda usirudi kuwa kama zamani.

"Bado umenikasirikia, Mama?"

"Bado," Mama alisema. "Itapita. Lakini sikiliza, maana nitasema mara moja. Kupaka mafuta lilikuwa kosa la mtoto aliyempenda mama yake na asiyetaka kungoja. Hilo nilikusamehe siku ile ile. Kosa lililotupeleka kwenye matete ni lile la pili. Ungesema Alhamisi, tungefuta kwa tambara. Ungesema Ijumaa, tungekwangua kidogo. Uliponyamaza mpaka Jumamosi, nililipa kwa bega langu, na mjomba wako akalipa kwa jina lake. Kosa ni kama saruji, mwanangu. Likiwa bichi, mtoto hulifuta kwa kidole. Ukiliacha likauke, wakubwa huja na nyundo."

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia leo. Nitajua umeelewa siku utakapokosea tena, na utakosea, ukaja kuniambia kabla sijauliza."

Mjomba Sindano aliita kutoka kwenye mashua. Alihitaji mtu mwepesi wa kushikilia ncha ya kamba. Chiriku aliinuka, kisha akageuka, akainama, na kwa mikono yake yenye malengelenge akamfunga mama yake kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimelegea, akakikaza vizuri, ndipo akaenda kazini.